Mbuzi wa Manchira

Kila kundi jipya la wafanyakazi nilikuwa naanza nalo kwa hadithi ya mbuzi. Sikuanza na ubongo wala mishipa; hayo walifundishwa chuoni na wengi wameshayasahau. Nilikuwa nawakalisha chini kwenye mkeka, ukumbini pale Mugumu, wenye sketi za kubana wanahangaika pa kuweka miguu, halafu nawaambia: nilifika boma moja kule Manchira, nikapiga hodi, nikakaribishwa. Nikaulizwa mvua za Tarime, nami nikauliza ng'ombe na mahindi. Tukasalimiana mpaka salamu zikatuishia. Mara ndani ya nyumba kukawa na sauti, mlio unaopanda halafu unakatika, unapanda tena. Nikamuuliza bibi mwenye boma, huyo ni nani? Bibi akanitazama usoni, hakupepesa. Akasema, "Ni mbuzi."

Hapo wanafunzi hucheka, na mimi nawaacha wacheke washibe. Kisha nawaambia kwamba mbuzi yule alikuwa na mwaka mmoja na kidogo, ameshaota meno, na alikuwa mjukuu wa huyo bibi. Kicheko kinaisha palepale. Kuna kikombe cha chai kinachobaki hewani, kuna mtu anayejifanya anatafuta kalamu. Basi, nawaambia, kazi yenu ndiyo hiyo. Mtakwenda kwenye nyumba ambazo ndani mna mbuzi.

Tunashughulika na watoto wachanga na wale wa kutambaa ambao miili yao imechelewa. Shingo haikai, mgongo haukai, uji ukiingia mdomoni unarudi puani. Wengi ni wa mtindio wa ubongo. Tunawawahi mapema, kabla viungo havijakakamaa na kabla watu wa nyumbani hawajakata tamaa. Na mimi, kwa hasira yangu yote ambayo wanaonifahamu wanaijua, nasema kukata tamaa ndiko kubaya zaidi. Mguu uliokakamaa naweza kuukanda. Mama aliyekata tamaa nimkande wapi?

Sasa boma lile la Manchira lina habari yake. Bibi yule hakujaliwa mtoto wa kiume, na mume wake alishafariki. Kwa desturi yetu Wakurya, mwanamke kama huyo anaweza kutoa ng'ombe wake mwenyewe, akaoa binti, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Wageni wakisikia hutoa macho, lakini kwetu ni jambo la kawaida, na nimeona nyumba za namna hiyo zenye amani kuliko zile zenye mwanaume anayerudi na pombe. Bibi alioa binti mpole, mrefu, wa maneno machache. Binti akazaa mtoto wa kiume. Unaelewa maana yake? Huyo ndiye aliyengojewa. Bibi akampa jina la marehemu mume wake, akamwita mzee wa boma tangu yuko kwenye nepi. Miezi ikaenda, mzee wa boma hashiki shingo. Majirani wakaanza kunong'ona kuhusu bibi na ng'ombe zake. Ndipo akaingizwa ndani, akawa mbuzi.

Kumtoa nje kulichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote nilichofanya katika maisha yangu ya kazi. Nilikwenda, nikarudi, nikaenda tena. Nilikunywa maziwa mgando ya bibi yule mpaka tumbo likayazoea. Kwanza alikubali nimwone mtoto, lakini ndani. Halafu akakubali mlango uachwe wazi. Mama mtoto alijifunza kumlisha akiwa amekaa wima kwenye mapaja yake, si amelala chali kama walivyozoea, na siku alipomaliza kikombe cha uji wa ulezi bila kupaliwa hata mara moja, yule binti mpole alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo na kanga. Nilitoka pale nikiimba juu ya bodaboda. Dereva akaniuliza, "Mama, umeokota dhahabu?"

Fundi mmoja Mwislamu wa Mugumu, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka Pwani akazamia huku, alitutengenezea kiti cha kona, kile chenye ubavu huku na huku cha kumshikilia mtoto asianguke. Nilimchorea, akakipindua mchoro, akaniambia mimi nimechora banda la kuku. Akatengeneza cha kwake kilichokuwa kizuri zaidi, kina meza ndogo mbele yenye ukingo ili bakuli lisiteleze. Alikipiga msasa mpaka ukikigusa ni laini kama shavu. Kiti kile tulikiweka chini ya upenuo, pale wageni wanapokaa, tukamweka kijana wetu. Kuku wakapita mbele yake, akacheka, udelele unamtoka, mikono inamruka yenyewe. Jirani mmoja alikuwa anapita na ndoo. Bibi akajikohoza, akamwita kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo: "Njoo usalimie! Mzee wa boma katoka!"

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana ndicho chenyewe. Sikutaka atembee. Nilijua hatatembea, na mama yake nilishamwambia, taratibu, tukalia pamoja, tukamaliza. Nilitaka akae nje. Akae pale penye watu, asalimiwe, aitwe kwa jina la babu yake. Mtoto anayekaa nje anasikia maneno, anatazama nyuso, watu wanamzoea, akiumwa anapelekwa hospitali. Anayekaa ndani anakufa kidogokidogo na hakuna anayeuliza. Hilo tu.

Ndipo alipokuja yule binti wa Kenyamonta.

Alikuwa kwenye kundi la wapya, mwembamba, viatu vya raba vyeupe ambavyo vumbi letu lilivimaliza mara moja. Wenzake walipocheka hadithi ya mbuzi yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa. Niliposema mbuzi alikuwa mjukuu, nikamwona machozi yanamdondoka kwenye mkeka. Baadaye akanifuata nje nikiwa nachemsha maji, akaniambia kwao walikuwa naye mmoja, dada yake mdogo, alikaa ndani mpaka akafa. Nikamkumbatia. Kuanzia hapo nikampenda, sitaficha. Nilimpenda kuliko wengine, na wengine walijua, wakawa wanamtania kuwa ni kitinda mimba wangu.

Nilimfundisha kila kitu. Nina mtoto wa kitambaa niliyemshona mwenyewe, nimemjaza mchanga, shingo yake imelegea vilevile kama ya watoto wetu, mzito wa kuchosha mkono. Wanafunzi wote huanza kumbeba kwa kucheka, wakamalizia wakilalamika mgongo. Yeye alimbeba asubuhi nzima, akala naye mapajani, hata chooni akaniuliza amwachie nani. Nilimfundisha kuweka mikono nyuma: ukifika nyumba ya mtu, mikono yako inakaa mgongoni, inayofanya kazi ni mikono ya mama, kwa sababu wewe utapanda bodaboda uondoke na yeye atabaki. Nilimfundisha kutouliza mtoto ana tatizo gani, bali anapenda nini. Na nilimfundisha sheria yangu kubwa kwamba mlango ni wa mama. Chumba cha ndani huingii mpaka ukaribishwe, hata kama unasikia mtoto analia, hata kama una haraka, hata kama bosi yuko nyuma yako. Wengine walinibishia. Yeye aliitikia kwa kichwa.

Manchira nilimkabidhi yeye. Nyumba ambayo nilikuwa siruhusu mtu mwingine aiguse, nikampa. Bibi naye alimpenda, akawa anamwekea ndizi mbivu. Kwa Kikurya alikuwa anachapia kidogo na lafudhi yake ya Kingoreme, bibi akawa anamcheka, naye anacheka. Nilipowaona vile nilisema moyoni, nikifa leo kazi imepata mwenyewe.

Wakati huo pale bomani palishakuwa na mtoto wa pili, mdogo wake kijana wetu, naye wa kiume. Huyo hakuwa na shida. Alisimama mapema, akatembea mapema, akawa anakimbiza kuku ambao kaka yake alikuwa anawacheka tu kwa mbali. Kwa kuwa kaka alikuwa mwembamba na mdogo akala akanenepa, walilingana kimo, hata nguo walivaliana. Kitu kimoja tu kilinisumbua kwa yule mdogo, alichelewa kusema. Bibi alikuwa anasema, "Huyu kapewa miguu, mdomo kasahauliwa." Nikamwambia mama awe anamtajia vitu, ataje kuku, ataje moto, ataje kaka, asichoke. Atasema tu, nilimwambia.

Basi ofisini tukasikia wafadhili wanakuja. Bosi wetu, ambaye si mtu mbaya lakini ni mtu wa kuogopa simu, akawa hali wala halali. Akatuita, akasema wageni wanataka kuona mtoto wa mfano, mtoto aliyepiga hatua. Nikamwambia wapelekeni Manchira, wakamwone mzee wa boma kwenye kiti chake anakunywa uji. Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa shimo. "Hatembei," akasema. Nikasema ndiyo, hatembei, anakaa. Akasema tutaona. Kisha akanipangia Nyamongo, nikafundishe wahudumu wapya wa huko, na akaniambia wageni wameahirisha, watakuja wiki nyingine. Binti wa Kenyamonta alikuwa amekaa pembeni yangu. Akanisaidia kufungasha yule mtoto wa mchanga kwenye mfuko. Akanitakia safari njema, akaniambia, "Mama, ukirudi nitakupikia."

Nyamongo nilikuta ukumbi umechukuliwa na msiba. Kijana mmoja alifukiwa kwenye shimo la kuchimba dhahabu, mji mzima uko pale, bodaboda zimejaa mpaka barabarani, sasa ungemfundisha nani? Nikatoa rambirambi, nikalala, asubuhi nikageuza. Na kwa kuwa fundi wa Mugumu alikuwa amenipa mkanda mpya wa kile kiti, nikamwambia dereva wangu wa bodaboda tupitie Manchira kwanza niufunge.

Tulipokaribia dereva akapunguza mwendo. "Mama, kuna harusi?"

Gari la ofisi lilikuwa limeegeshwa nje ya ua wa minyaa. Na jingine, jeupe, kubwa. Nikashuka kabla hajasimama vizuri.

Nikasimama kwenye mwanya wa ua. Chini ya upenuo kulikuwa na viti vya plastiki, wageni wamekaa, wengine wa Ulaya, wengine wa Dar es Salaam, bosi amevaa koti kwenye jua lile. Bibi amekaa kwenye kigoda chake, kajifunga kitenge kipya. Kiti cha kona kiko katikati, kitupu. Na binti wangu, binti wa Kenyamonta, amechuchumaa kwa usawa wa mtoto, kama nilivyomfundisha, mikono yake nyuma, kama nilivyomfundisha. Kutoka kwenye kile kiti kwenda kwa mama yake anatembea yule mdogo, amevaa fulana ya njano ya kaka yake. Wageni wanapiga makofi.

"Tulipomkuta mtoto huyu," binti alikuwa anasema, sauti imejaa huruma, "hakuweza hata kushika shingo."

Jamani. Sikuelewa kwa haraka. Akili ilikataa. Nilidhani nimechelewa tu, kwamba habari ya kaka imeshasemwa na sasa wanaongelea jingine. Halafu ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofungwa, mlio ukapanda ukakatika. Alikuwa amesikia pikipiki. Aliijua sauti ya pikipiki inayonileta, siku zote alikuwa anaiitikia, na mama yake alikuwa anasema huyo anakusalimia.

Mama mmoja wa Dar es Salaam, mwenye miwani, akageuka. "Nani huyo analia?"

Binti wa Kenyamonta hakupepesa. "Ni mbuzi," akasema.

Nimekaa na maneno mengi mabaya katika maisha yangu. Nimewahi kutukanwa na wanaume wenye mapanga kwa sababu ya mtoto wa watu. Lakini hakuna neno lililowahi kuniingia kama lile. Kwa sababu lilikuwa langu. Lilitoka kwenye mkeka wangu, mimi ndiye niliyempa, nikiamini namfundisha asilitumie kamwe.

Nikaingia, nikapita katikati ya viti, sikumsalimia mtu, hata bibi sikumwamkia shikamoo, na hilo mpaka leo nikilikumbuka naona kweli siku ile nilikuwa nimepoteza adabu zote. Nikasema, "Huyo si mbuzi. Huyo ni mtoto."

Binti akainuka polepole, uso umembadilika rangi. Wageni wakamtazama bosi. Bosi akacheka, akanishika bega. "Huyu ndiye mwalimu wetu mkuu," akawaambia. "Mumsamehe, Wakurya na utani wao!" Na wale watu, wee, wakanipigia makofi. Mimi. Wakanipigia makofi.

Nikasema tena, kwa sauti zaidi, kwamba ndani kuna mtoto. Na hapo ndipo bibi alipofungua mdomo. Alisema taratibu, macho yake yako kwenye kuku: "Ni mbuzi wangu. Nimemfunga mimi."

Mwenye boma kasema. Ningefanya nini? Nilikwenda mlangoni hata hivyo. Mama mtoto akawa ameshafika kabla yangu, mdogo amembeba kiunoni, akasimama kwenye mlango wake na mkono mmoja kwenye mwimo. Hakuwa mkali. "Mama," akaniambia, kwa sauti ya chini, "tafadhali. Leo usiingie."

Mlango ni wa mama. Niliirudia sheria hiyo kwenye kila kundi miaka yote. Nikasimama pale kama gogo, mkanda mpya mkononi, na nyuma ya ule mlango kijana wangu alikuwa ananiitikia, anapanda, anakatika, anapanda. Kisha nikageuka nikatoka. Nililia njia nzima mpaka Mugumu, na dereva, Mungu ambariki, hakuniuliza kitu.

Jioni ile nilimngoja ofisini. Alikuja peke yake. Sikumpa nafasi ya kukaa.

"Kwa nini?"

"Mama, kazi ingefungwa," akasema. "Walishasema wakiona hakuna matokeo wanafunga. Watoto wote wa Tarime na Serengeti wangekosa. Nilimwomba mmoja tu akae ndani asubuhi moja."

"Ukamwomba nani? Yeye alikuitikia?"

Akaniambia alimwendea bibi kwa heshima zote, akamweleza kwamba wageni wakiona mjukuu hajatembea watasema kazi ni bure, na sisi hatutarudi tena. Bibi alifikiri, akasema kama ni hivyo basi akae ndani, ili mwalimu asikose kuja. Unasikia? Alimficha mtoto ili mimi nisiache kuja kumtoa nje. Walinizunguka wote, na yule bibi alinizunguka kwa kunipenda.

"Na mbuzi?" nikamuuliza. "Hukuona neno jingine?"

Akasema lilimtoka tu. Akaanza kulia, yale machozi yake makubwa ya siku ya kwanza. Wakati ule yalinipasua moyo. Safari hii nilitamani kumzaba kofi. Nikachukua mfuko wangu nikaondoka, na chakula alichoahidi kunipikia sikukila wala sijakila.

Kazi haikufungwa. Naomba niseme hivyo, haki yake nimpe. Wageni waliridhika, miradi ikaongezwa, bosi akaanza kulala usingizi. Ila picha ya yule mdogo akitembea kutoka kwenye kile kiti ikawekwa ukutani ofisini, kubwa, na nyingine wakaitia fremu wakampelekea bibi. Na mimi nikaambiwa nimefanya kazi sana, sasa nipumzike, nitembelee nyumba tu, mafunzo yafanywe na damu changa. Damu changa mnaijua.

Nilikwenda kumsikiliza mara moja. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa amewakalisha wapya chini kwenye mkeka, mtoto wangu wa mchanga yuko mapajani mwake. Akaanza: nilifika boma moja kule Manchira, nikapiga hodi. Alisema "nilifika". Alinyamaza pale ninaponyamaza mimi. Aliwaacha wacheke pale ninapowaacha. Alipofika kwa mjukuu, kicheko kikaisha, na msichana mmoja mbele akajifuta macho. Nikasimama nikatoka nje. Nilijiona mjinga kuliko mjinga yeyote aliyewahi kukanyaga wilaya zile.

Manchira nilichelewa kurudi. Nilikuwa na hasira, kisha nikawa na aibu ya hasira, siku zikapita. Nilipokwenda nilikuta bibi ananipokea vizuri tu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, ulitutupa." Mvua, ng'ombe, mahindi. Maziwa mgando yakaletwa. Kiti cha kona kilikuwa bado chini ya upenuo, juu ya ile meza yake yenye ukingo pamewekwa ndoo ya maji na kata. Mdogo alikuwa anakimbia uani. "Mzee wa boma!" bibi akamwita. "Njoo umwamkie mama mwalimu."

Nikauliza, na kaka yake yuko wapi?

Bibi akavuta kitenge. Akaniambia bila ugomvi kwamba siku zile baada ya wageni watu walikuja kutoka vijiji vyote. Watu wa kanisani walikuja kumshukuru Mungu, wakaimba hapo uani, wakaitazama picha. Kila mtu anajua mjukuu wake aliponywa akatembea. Wale majirani walionong'ona kuhusu ng'ombe zake, sasa wanamsalimia wa kwanza. "Sasa nikimweka yule pale nje," akasema, "nitawaambia huyo ni nani?"

"Utawaambia ni mjukuu wako."

"Mwanangu," akasema, "ninyi watu wa ofisi, wenye elimu yenu, mlimwonea aibu. Mimi nani nisione?"

Mama mtoto alikuwa anapepeta ulezi upande wa pili, hakuinua uso. Nikaweka kikombe chini. Na hapo, ndani, nyuma ya mlango, akaanza. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko zamani. Ilipanda ikakatika. Alikuwa amesikia pikipiki, au alikuwa amesikia ninavyoongea, sijui, lakini alijua ni mimi.

Yule mdogo akaacha kukimbia. Akaja mpaka magotini pangu, akanyoosha kidole kwenye mlango, akanitazama usoni kama anayetaka kunisaidia mimi mgeni nisiyejua mambo ya hapo.

"Mbuzi," akasema.

Alitamka vizuri, silabi zote mbili, wazi kabisa. Lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumsikia akisema.